Kustahimili na Kuhimiliwa: Tuliyoyapata katika Vitabu Vinne

Mazungumzo kwa viongozi wa walei na waamini wa parokia



Wapendwa mapadre na watawa, makatekista, wenyeviti wa Jumuiya Ndogo Ndogo, kina baba, kina mama na vijana,

Mada tuliyokabidhiwa ni familia na ustahimilivu. Badala ya kuwaletea maagizo, tumeona ni vema tuwashirikishe yale tuliyoyapata katika vitabu vinne tulivyovisoma pamoja katika miezi iliyopita. Vitatu ni masimulizi ya maisha, viwili kutoka Kenya na kimoja kutoka Rwanda. Cha nne ni kitabu cha utafiti kuhusu kisiwa kilichoko mbali nasi, katika Bahari ya Pasifiki. Tulivichagua kwa kuwa vyote vinauliza swali moja: kwa nini familia mbili zikipigwa na dhoruba ile ile, moja husambaratika na nyingine hubaki imesimama?

Tulivisoma kwa Kiingereza, na tunajua kwamba si kila mmoja wetu ana nafasi ya kuvipata. Kwa hiyo tutaeleza kila kitabu kwa urefu kidogo, ili hata asiyekisoma aweze kushiriki katika majadiliano.

Neno lenyewe

Kabla ya kuvifungua vitabu, tulitazame neno. Kiswahili kina maneno matatu yaliyo ndugu: kuhimili, kustahimili na mhimili. Yote yametoka katika mzizi mmoja wa Kiarabu wenye maana ya kubeba mzigo. Kuhimili ni kuuchukua uzito. Kustahimili ni kuendelea kuuchukua bila kuanguka. Na mhimili ni ile nguzo au boriti inayolibeba paa la nyumba.

Lugha yetu basi imekwisha kutufundisha jambo ambalo ni rahisi kulisahau. Paa halikai juu kwa sababu paa lenyewe ni gumu. Linakaa juu kwa sababu kuna kitu chini yake. Tukimwona mtu amestahimili taabu kubwa, tumezoea kusema, "Yule ana moyo wa chuma." Vitabu hivi vinne vimetufanya tuulize swali la pili: chini yake alikuwapo nani?

1. Mama wa Limuru

Kitabu cha kwanza ni Dreams in a Time of War, alichokitoa hayati Ngũgĩ wa Thiong'o mwaka 2010. Ngũgĩ, aliyefariki mwezi Mei mwaka 2025, alizaliwa mwaka 1938 karibu na Limuru, katika nyumba ya baba mwenye wake wanne. Mama yake, Wanjiku, alikuwa mke wa tatu. Kitabu kinasimulia utoto wake hadi alipoingia shule ya sekondari ya Alliance mwaka 1955, wakati Kenya ikiwa katika hali ya hatari iliyotangazwa na wakoloni kwa ajili ya vita vya Mau Mau.

Baba yake alikuwa mtu wa mali na heshima. Lakini shamba alilolinunua kwa desturi, kwa neno la mdomo na mashahidi, muuzaji aliliuza mara ya pili kwa mtu mwingine, na huyu wa pili akapata hati ya maandishi. Mbele ya sheria za kikoloni karatasi ilishinda neno la mashahidi. Baadaye mifugo yake nayo ikafa. Baada ya hasara hizo kitabu kinamwonyesha mzee huyo akigeukia pombe na ukali. Siku moja alimpiga Wanjiku kipigo kikali. Wanjiku akaondoka, akarudi kwa baba yake mzazi. Haukupita muda mrefu, Ngũgĩ na mdogo wake nao walifukuzwa na baba yao wamfuate mama yao.

Hapa tulisimama tukajadiliana kwa muda mrefu. Mtu anayezihesabu ndoa zilizovunjika atasema kwamba familia hii ilikufa siku hiyo. Lakini mwandishi anatuonyesha kuwa familia iliendelea kuishi kwa sababu mlango mmoja ulifunguliwa. Babu mzaa mama, ambaye Ngũgĩ alipewa jina lake, alimpokea binti yake. Alimpokea na mjukuu wake pia, akamfanya mwandishi wa barua zake. Mtoto aliyefukuzwa na baba akapata mtu mzima wa kumwonyesha kwamba ana thamani.

Wanjiku hakujua kusoma. Hata hivyo, yeye ndiye aliyemwuliza mwanawe kama angependa kwenda shule, na akamwekea sharti moja tu: ajitahidi kadiri awezavyo siku zote, hata kama kuna siku atakosa chakula cha mchana. Alilima na kuuza mazao ili karo ipatikane. Mtoto alipoleta alama nzuri nyumbani, mama hakumwuliza amewashinda wangapi. Alitaka kujua kama hapo ndipo uwezo wake ulipofikia, na aliuliza hivyo hata mtoto alipopata alama zote.

Kisha vita vikaingia ndani ya nyumba. Kaka wa Ngũgĩ wa tumbo moja aliingia msituni kuungana na wapiganaji. Ndugu yao mmoja wa upande wa baba alikuwa kiziwi. Hakusikia amri ya askari ya kumtaka asimame, akapigwa risasi akafa. Ndugu mwingine alifanya kazi upande wa serikali. Wanjiku mwenyewe alichukuliwa kuhojiwa na walinzi wa serikali ya kikoloni kwa sababu ya mwanawe aliyekuwa msituni. Familia iliyogawanyika namna hiyo ingeweza kujila yenyewe. Iliokolewa na mambo madogo madogo: kuulizana habari, kutunziana siri, kuhakikisha kwamba yule anayesoma anaendelea kusoma.

2. Mama wa Ihithe na kina mama wa Uhuru Park

Kitabu cha pili ni Unbowed, cha hayati Profesa Wangari Maathai, kilichotoka mwaka 2006. Jina lake lina maana ya mtu ambaye hakuinama. Wengi wetu tunamfahamu kama mwanzilishi wa vuguvugu la Ukanda wa Kijani la mwaka 1977 na mwanamke wa kwanza wa Afrika kutunukiwa Nishani ya Amani ya Nobel, mwaka 2004. Sisi tulikisoma kama kitabu cha familia.

Wangari alizaliwa mwaka 1940 katika kijiji cha Ihithe, wilaya ya Nyeri. Siku hizo wasichana wachache tu walikwenda shule. Kaka yake mkubwa, Nderitu, ndiye aliyemwuliza mama yao kwa nini Wangari hasomi kama wao. Mama alifikiri, akaona hakuna sababu ya kumzuia. Ndivyo Wangari alivyoanza masomo, na baadaye akasomeshwa na masista wa misheni huko Nyeri, kisha Limuru, kisha mwaka 1960 akapata nafasi ya kwenda katika chuo cha masista Wabenedikto katika jimbo la Kansas, Marekani.

Ndugu zetu vijana wa kiume, tunaomba mlisikilize jambo hili. Nderitu hakutoa fedha wala hakuongoza maandamano. Aliuliza swali moja nyumbani kwake, na swali hilo likabadili maisha ya dada yake.

Kitabu hiki hakifichi machungu. Mumewe alimwacha mwaka 1977, na talaka ikatolewa mwaka 1979 baada ya kesi iliyotangazwa magazetini. Kwa maneno aliyoyasema juu ya hukumu hiyo alihukumiwa kifungo cha miezi sita, akakaa gerezani siku tatu. Baadaye, alipopata kazi nje ya nchi, iliwabidi watoto wake watatu wakae na baba yao kwa kipindi. Mwandishi haandiki kama mtu asiyeumia. Anaandika kama mtu aliyeumia na akapata watu wa kumshika mkono.

Lakini ukurasa uliotugusa kuliko yote ni wa mwaka 1992. Kina mama wa wafungwa wa kisiasa, wengi wao wazee wa vijijini, walimwendea Wangari wamwombe awasaidie kuwatoa wana wao gerezani. Mwezi Februari mwaka huo walikwenda kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali, kisha wakakaa katika bustani ya Uhuru Park, Nairobi, wakifunga kula. Siku chache baadaye polisi waliwashambulia kwa marungu na mabomu ya machozi. Wangari alipigwa akazimia, akapelekwa hospitali. Baadhi ya kina mama walivua nguo mbele ya askari, kitendo ambacho katika desturi zao ni laana nzito itokayo kwa mzazi.

Kesho yake hawakutawanyika. Walikwenda katika kanisa kuu la Waanglikana la All Saints, lililo karibu na bustani hiyo, wakapokelewa. Walidhani watakaa siku chache tu. Walikaa humo yapata mwaka mmoja, na mwanzoni mwa mwaka 1993 wana wao wengi wakaachiwa.

Katika kundi letu wapo waliosema kwamba huo ni ushindi wa moyo wa mama. Ni kweli. Lakini moyo wa mama peke yake ulikuwa umekaa vijijini miaka kadhaa ukilia. Ulipata nguvu pale mama mmoja alipokutana na mama mwenzake, wote wawili wakampata mtu anayejua njia za serikali, na wote wakapata nyumba ya kuwahifadhi. Uwezo wao wa kustahimili ulikuwa na paa, blanketi, na watu waliowaletea chakula.

3. Siku 91 katika bafu

Kitabu cha tatu kilikuwa kigumu kukisoma. Ni Left to Tell cha Immaculée Ilibagiza, kilichotoka mwaka 2006. Mwandishi ni Mkatoliki wa Rwanda. Mwezi Aprili mwaka 1994 alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu mwenye umri wa miaka ishirini na miwili, amerudi nyumbani kwa sikukuu ya Pasaka. Mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yalipoanza, baba yake alimtuma akajifiche kwa mchungaji wa Kiprotestanti, Mhutu, aliyekuwa jirani yao. Walipoagana baba alimpa rozari yake.

Katika nyumba ya mchungaji huyo wanawake wanane walikaa ndani ya bafu dogo sana kwa siku 91. Walisukumiwa kabati mbele ya mlango ili wawindaji wasiuone. Immaculée aliwasikia watu wakimtafuta kwa jina. Alisali rozari ya baba yake kutwa nzima. Humo humo bafuni, kwa msaada wa vitabu, akaanza kujifunza Kiingereza, kwa sababu aliamini kwamba ipo siku atatoka na atahitaji kazi. Alipotoka alikuwa na uzito wa takribani kilo 29. Baba, mama na kaka zake wawili walikuwa wameuawa. Alibaki na kaka mmoja tu, aliyekuwa akisoma Senegal.

Mambo mawili katika kitabu hiki yametushughulisha sana.

La kwanza ni yule mchungaji. Mwandishi hamchori kama malaika. Anamwonyesha akiwa na hofu, mara nyingine akisema maneno ya kuumiza. Lakini mlango wake aliufunga kwa ndani, na kwa siku 91 hakuwatoa. Hii inatufariji, kwa sababu wengi wetu si mashujaa. Mhimili hauhitaji kuwa mzuri wa kutazamwa. Kinachotakiwa ni usiondoke mahali pake.

La pili ni msamaha. Baada ya vita Immaculée alikwenda gerezani akaonana na mtu aliyeongoza mauaji ya jamaa zake, akamwambia kwamba amemsamehe. Ofisa aliyempeleka hakuelewa. Sisi nasi tulibishana. Mmoja wetu aliuliza: je, simulizi hili haliwezi kutumiwa vibaya, kumlazimisha kila aliyeonewa asamehe haraka ili sisi wengine tupumue? Baada ya kutafakari tumekubaliana hivi. Msamaha huo aliutoa yeye mwenyewe, kwa wakati wake, baada ya safari ndefu ya sala. Hakuna aliyemwagiza. Tena yule mtu alikuwa gerezani, na msamaha haukumfungulia mlango wa gereza. Alisamehewa na mtu aliyemkosea, huku haki ikiendelea kumdai. Mambo haya mawili yanaweza kukaa pamoja, na kiongozi wa jumuiya asitumie moja kuliua jingine.

Tukumbuke pia tarehe. Sinodi ya Maaskofu kwa ajili ya Afrika ilifunguliwa Roma tarehe 10 Aprili 1994, siku chache tu baada ya mauaji hayo kuanza, na ikaendelea hadi tarehe 8 Mei. Katika sinodi hiyo maaskofu walilieleza Kanisa kuwa ni Familia ya Mungu. Siku zile zile, katika nchi yenye waamini wengi, watu walikuwa wakiuawa hata ndani ya makanisa. Neno familia likitajwa altareni, basi, lina gharama. Lina maana ya kumfungia jirani mlango kwa ndani, na wewe ukabaki nje ukiwajibu wenye mapanga.

4. Watoto wa Kauai

Kitabu cha nne ni Overcoming the Odds, kilichotolewa mwaka 1992 na mwanasaikolojia Emmy Werner akishirikiana na Ruth Smith. Wataalamu hao na wenzao waliwafuatilia watoto wote waliozaliwa mwaka 1955 katika kisiwa cha Kauai, Hawaii. Jumla yao walikuwa 698. Waliwafuata tangu kabla ya kuzaliwa, wakiwa wachanga, wakiwa watoto, wakiwa vijana, hadi wakawa watu wazima.

Karibu theluthi moja ya watoto hao walikulia katika mazingira ya hatari: umaskini, matatizo wakati wa kuzaliwa, ugomvi wa wazazi, ulevi au ugonjwa wa akili nyumbani. Mtu angetazamia kwamba wote wangeharibika. Lakini mmoja katika kila watatu wa watoto hao wa hatari alikua akawa mtu mzima mwenye kujiamini, mwenye kufanya kazi na mwenye huruma kwa wengine.

Watafiti waliuliza: wamewezaje? Walipata mambo kadhaa. Wengine walikuwa na tabia ya uchangamfu iliyowavuta watu. Wengi walikuwa na kazi za kufanya nyumbani, wakajisikia kwamba wanahitajiwa. Lakini jambo lililojitokeza kwa nguvu ni hili: kila mmoja alikuwa na walau mtu mmoja aliyempenda na kumjali bila kuyumba. Si lazima awe mzazi. Aliweza kuwa bibi, babu, dada mkubwa, shangazi, jirani, mwalimu au mzee wa kanisa.

Tulifurahi na pia tukapata wasiwasi. Theluthi moja walisimama, je, wale theluthi mbili? Ni rahisi kumwambia aliyeanguka, "Mbona fulani alikulia katika taabu kama yako na amefaulu?" Kitabu chenyewe kinatukataza kusema hivyo. Kinaonyesha kwamba wengi katika wale waliopata matatizo wakiwa vijana waliinuka baadaye, walipokuwa na umri wa miaka ya thelathini, kwa sababu walipata nafasi ya pili: elimu ya watu wazima, kazi ya kujifunza ufundi, mwenzi mwema wa ndoa, au jumuiya ya imani iliyowapokea. Kwa hiyo mtoto aliyeshindikana akiwa na miaka kumi na saba asifutwe katika daftari letu.

Vumilia

Sasa turudi kwetu. Vitabu hivi vinne vimetufanya tulichunguze neno moja linalosemwa sana katika nyumba zetu, katika vikao vya usuluhishi, na hata katika jumuiya. Neno hilo ni "vumilia".

Mwanamke amepigwa, anakuja na jicho limevimba. Anaambiwa, "Vumilia, mama, mvumilivu hula mbivu." Anarudi kwa wazazi wake. Wazazi wanafikiri juu ya mahari ambayo huenda wakatakiwa kuirudisha, wanamwambia, "Vumilia, ndoa ndivyo zilivyo." Kijana anayelala njaa kwa mjomba anaambiwa avumilie. Mjane aliyenyang'anywa shamba na ndugu wa marehemu anaambiwa avumilie ili asivunje ukoo. Na wanaosema hivyo si watu wabaya. Lakini waliotangulia walisema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mzigo usio begani mwako unauona mwepesi kama pamba.

Uvumilivu ni fadhila. Tunauhitaji katika ugonjwa, katika ukame, katika malezi, katika kasoro za kawaida za mwenzi wa ndoa. Lakini kuna tofauti kati ya kuvumilia taabu na kuvumilia dhuluma. Taabu haina mtu anayeitenda. Dhuluma ina mtendaji, na mtendaji huyo anaweza kuzuiwa. Kumwambia aliyeonewa avumilie, bila kumzuia anayemwonea, ni kumwongezea uzito juu ya uzito. Mtu wa namna hiyo anahimili, lakini hana mhimili.

Tujiulize: kama baba yake Wanjiku angemrudisha binti yake siku ile alipokuja na majeraha, kitabu tulichokisoma kingeandikwa? Hatuwezi kujua. Tunachojua ni kwamba hakumrudisha.

Wapo wanaoogopa kwamba kusema hivi ni kudharau ndoa. Sivyo. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971, katika kifungu cha 66, inasema wazi kwamba hakuna mwenye haki ya kumpa mwenzi wake adhabu ya kipigo. Sheria hiyo ina zaidi ya miaka hamsini. Naye hayati Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wake wa mwaka 2016 kuhusu furaha ya upendo katika familia, alifundisha kwamba ukatili wa mume dhidi ya mke ni uoga wala si nguvu za kiume. Alikiri pia kwamba kuna nyakati ambapo kutengana huwa ni jambo la lazima, ili kumlinda mwenzi aliye dhaifu au watoto wadogo. Ndoa inatetewa kwa kuukomesha ukatili. Haitetewi kwa kuuficha.

Tuseme neno pia kwa kina baba. Tulipomsoma baba yake Ngũgĩ tulimwonea huruma. Alipoteza ardhi kwa sheria isiyo ya haki, akapoteza mifugo, akapoteza heshima. Hatuoni katika kitabu mtu aliyekaa naye akamwuliza hali ya moyo wake. Uzito ule ukateremka, ukaangukia mwili wa mkewe. Huruma yetu haihalalishi kipigo. Lakini inatuonya kwamba mwanamume aliyefukuzwa kazi, aliyeshindwa kulipa deni, aliyedhulumiwa shamba, naye anahitaji mhimili kabla hajageuka kuwa mzigo juu ya wengine. Uzi hukatikia pembamba: dhuluma inayoanzia mahakamani au sokoni huishia kwa mama na mtoto.

Tufanye nini?

Hatukuja na mradi wala fedha. Tunapendekeza mambo matatu ambayo kila Jumuiya Ndogo Ndogo inaweza kuyaanza wiki hii.

Kwanza, kabla ya kumwambia mtu yeyote "vumilia", aulizwe, "Nani yuko nawe?" Akijibu kwamba hana mtu, basi jumuiya imepata kazi. Wateuliwe wawili, si umati, wamtembelee kwa siku maalumu bila kukosa. Katika vitabu vyote vinne hatukuona umati ukimwokoa mtu. Tuliona mtu mmoja au wawili wasioondoka.

Pili, kila jumuiya iwajue watoto wake kwa majina, hasa wale wanaolelewa na bibi, walio yatima, na wale ambao nyumbani kwao kuna pombe au ugomvi. Kwa kila mtoto wa namna hiyo awepo mtu mzima mmoja mwaminifu anayejulikana kwa wote, atakayemwuliza habari za shule kama Wanjiku alivyomwuliza mwanawe. Tunasema anayejulikana kwa wote, na kukutana kwao kuwe mahali pa wazi, kwa sababu ulinzi wa watoto nao ni sehemu ya upendo.

Tatu, ijulikane nyumba ipi katika eneo letu inaweza kumpokea mama na watoto usiku wa hatari, na ni nani atakayemsindikiza kesho yake kwenye Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, kwa ustawi wa jamii, au kwenye baraza la usuluhishi. Mama wa peke yake mbele ya meza ya ofisi huambiwa arudi kesho. Mama aliyesindikizwa na mwenyekiti wa jumuiya na katekista husikilizwa zaidi. Haipasi kuwa hivyo, lakini ndivyo ilivyo mahali pengi, na mpaka hapo patakaporekebishwa tusimwache aende peke yake.

Maswali ya kujadili katika jumuiya

Tunawaachia maswali manne. Kila kundi lichague mawili na kuyajadili kwa utulivu, bila kutaja siri za familia ya mtu.

1. Katika maisha yako, ulipokuwa chini ya mzigo mzito, ni nani aliyekuwa mhimili wako? Alifanya nini hasa?

2. Binti akirudi nyumbani kwa wazazi akiwa na majeraha, desturi zetu zinawaagiza wazazi wafanye nini? Ni lipi katika desturi hizo tulishike, na lipi tuliache?

3. Mtu aliyeonewa akisema, "Bado sijaweza kusamehe," jumuiya imjibu vipi?

4. Ni wanaume gani katika eneo letu wamepoteza kazi, shamba au afya mwaka huu, na nani amekaa nao kuzungumza?

Wapendwa, kundi letu litakutana tena Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao kusikia majibu ya jumuiya. Kila mwenyekiti alete jina la nyumba iliyokubali kufungua mlango, limeandikwa na kufungwa ndani ya bahasha, akabidhiwe Paroko, ili usalama wa nyumba hiyo na wa watakaopokelewa humo ulindwe.